Gogo wa Ndalat: Bibi Mkunga Aliyeketi Darasani na Vitukuu Wake



Mwezi wa Novemba katika nchi ya Uasin Gishu na Nandi ni mwezi wa mahindi. Mabua yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu shambani, magunia yanatafutwa, na kila mwenye mikono miwili anaitwa kuvuna. Ilikuwa katika mwezi huo, tarehe 16 Novemba 2022, alipofariki dunia bibi mmoja wa Ndalat, mahali palipo katika Kaunti ya Nandi, si mbali na mji wa Eldoret.

Jina lake Bibi Priscilla Sitienei. Lakini wachache walimwita hivyo. Wakubwa kwa wadogo walimwita Gogo, neno la Kikalenjin ambalo maana yake ni nyanya. Alikuwa na umri wa miaka 99, na jamaa zake walimshukuru Mungu kwa kumjalia miaka 100. Alikuwa mama, alikuwa nyanya, tena alikuwa mkunga. Na zaidi ya hayo alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita. Alihudhuria masomo mpaka Jumatano hiyo, maumivu ya kifua yalipomzuia kwenda shule. Wiki iliyofuata alikuwa afanye mtihani pamoja na wenzake wa darasani, watoto wenye umri wa miaka 12.

Habari za bibi huyu zilikwenda mbali, hata Ufaransa. Lakini twaona kwamba zawahusu kwanza wakulima, maana jambo lililomtoa nyumbani na kumpeleka darasani limo katika nyumba nyingi za wakulima wetu. Tafadhali zisome habari hizi, na kama nyumbani yuko mtu asiyejua kusoma, msomee.

ALIZALIWA RELI ILIPOKUWA IKIJA

Wazee wengi wa rika lake hawana tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa. Miaka yao huhesabiwa kwa mambo yaliyotokea: mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, mwaka wa vita. Kwa hesabu hiyo tunaweza kusema kwamba Gogo alizaliwa karibu na wakati reli ilipofika Eldoret, yaani mwaka 1924. Mji wenyewe ulikuwa bado mchanga. Posta yake ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba namba 64, na ndiyo sababu watu wa zamani waliuita mji huo Sitini na Nne. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912.

Kenya ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Mashamba makubwa ya uwanda wa Uasin Gishu yalikuwa mikononi mwa walowezi. Shule zilikuwa chache na mbali, na nafasi ndogo iliyopatikana alipewa mvulana. Msichana alichota maji, alikata kuni, alichunga ndama, alibeba mdogo wake mgongoni, na baada ya miaka michache akaolewa. Hakuna aliyeona kwamba amenyimwa kitu. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na Gogo naye hakupelekwa shule alipokuwa mtoto.

Akakua, akaishi kuuona uhuru wa mwaka 1963. Mwaka uliofuata, 1964, wakulima walianza kupewa mbegu chotara ya mahindi iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Kitale. Wakati huo alikuwa na miaka kama 40, na bado hakujua kusoma hata jina lake.

KAZI YA UKUNGA

Lakini tusiseme kwamba mtu asiyejua kusoma hana elimu yoyote. Gogo alikuwa na elimu kubwa ya namna yake. Alikuwa mkunga, na mwaka 2015 ilisemekana kwamba amekwisha kuifanya kazi hiyo kwa miaka 65. Alijua pia dawa za miti.

Wale wanaoijua nchi hii wanajua maana ya kuitwa usiku kwa ajili ya mama mwenye uchungu. Mvua inapoanza mwezi wa Machi au Aprili hainyamazi upesi, na njia za udongo huteleza kama sabuni. Mkunga hasemi kwamba atakwenda kesho. Hutwaa nguo yake akatoka. Akifika huuliza maji ya moto, huwatoa nje watu wasiohitajiwa, na humshika mama mkono mpaka mtoto alie. Mkunga wa namna hii hana ofisi wala mshahara. Malipo yake ni kwamba akipita njiani miaka kumi baadaye, yuko mtoto atakayemkimbilia amwamkie.

Kwa Gogo jambo hili lilikuja kuwa la ajabu. Alipoingia darasani katika uzee wake, aliwakuta miongoni mwa wanafunzi wenzake watoto aliowapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Mikono iliyowakata kitovu sasa ilishika penseli kando yao.

Hapa yafaa tuongeze neno moja. Siku hizi mama mja mzito asingoje uchungu nyumbani, bali aende kituo cha afya au hospitali. Mambo mengine, kama vile damu nyingi kutoka, hayawezi kutengenezwa na mkunga wa kijijini hata awe hodari namna gani. Tangu tarehe 1 Juni 2013 Serikali ya Kenya iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali zake, na mipango ya kumsaidia mama imeendelea kubadilishwa tangu hapo, kwa hiyo uliza katika kituo kilicho karibu nawe. Mkunga mzee bado ana kazi, nayo ni kumshauri mama, kumtia moyo, na kumsindikiza hospitali mapema.

KARO ILIYOBAKI

Sasa tufike kwenye kiini cha habari. Kwa nini bibi mwenye watoto, wajukuu na vitukuu, ambaye angeweza kuketi juani na kuletewa uji, aliamua kuvaa sare ya shule?

Kwa maelezo yake mwenyewe, sababu moja ilikuwa kitukuu wake. Msichana huyo alikuwa shuleni, akapata mimba, akaacha masomo. Gogo alitaka arudi. Msichana akakataa. Basi Gogo akamwuliza, kama mzaha, kama iko karo iliyobaki shuleni. Akajibiwa kwamba iko. Gogo akasema kwamba kama ni hivyo, yeye ataanza kuitumia karo hiyo.

Alitumaini kwamba msichana akisikia maneno hayo ataona haya kidogo, arudi. Lakini msichana hakurudi. Hapo Gogo angeweza kuacha mambo yaishe kwa kucheka, kama tunavyofanya wengi wetu baada ya kutoa shauri lisilosikilizwa. Yeye hakuacha. Alikwenda shuleni kweli.

Fikirini jambo hili, akina mama na akina baba. Mara ngapi tumewaambia watoto, "Nenda shule," nasi wenyewe tumekaa? Gogo aliona kwamba maneno yamekwisha, akatumia miguu yake.

Ziko sababu nyingine alizozitaja. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, asisomewe. Alitaka pia ujuzi wake wa ukunga na wa dawa za miti usizikwe pamoja naye. Mtu akijua jambo kichwani tu, siku atakapokufa jambo hilo hufa. Likiandikwa hubaki.

KWANZA WALIMKATAA

Shule aliyokwenda ni Leaders Vision, iliyoko hapo Ndalat. Mwanzoni walimu hawakumkubali. Hatuwalaumu, maana hata wewe msomaji, akija kwako bibi wa umri ule akuambie kwamba anataka kiti cha mtoto, ungefikiri anakufanyia mzaha. Lakini walipoona kwamba hatanii walimpokea. Mwaka 2015 alikuwa ametimiza kama miaka mitano hapo shuleni.

Alivaa sare kama watoto wengine. Alisoma hesabu, alisoma Kiingereza, aliingia katika nyimbo, ngoma na michezo ya kuigiza. Hata mazoezi ya viungo hakuyakwepa. Alikiri kwamba hakuweza kuruka kama watoto, lakini alisema kwamba walau mwili wake ulipata kutikisika, na hiyo ilikuwa furaha yake. Mwalimu alipotoka darasani, Gogo ndiye aliyewaangalia wenye kelele, na darasa likatulia. Nje ya darasa aliwakusanya watoto chini ya mti akawasimulia mambo ya zamani na desturi za kwao. Kwa hiyo shule ilimfundisha, naye akaifundisha shule.

Haikuwa kazi rahisi. Mfaransa mmoja, Bwana Pascal Plisson, alitengeneza filamu juu ya maisha yake, iitwayo Gogo. Humo anaonekana akiwa amefikia umri wa miaka 94, akijiandaa kwa mtihani. Masikio hayasikii vizuri. Macho yanauma. Anachojifunza asubuhi huenda kikatoroka jioni. Kando yake wako sita wa vitukuu wake mwenyewe, wamevaa sare kama yeye. Wakati huo ilihesabiwa kwamba ana watoto 3, wajukuu 22 na vitukuu 52. Alikuwa pia na jambo lingine moyoni, nalo ni kuona bweni jipya la shule limejengwa.

Kwa ajili ya filamu hiyo Gogo alisafiri mpaka Ufaransa, akakutana na Bibi Brigitte Macron, mke wa Rais wa nchi ile. Kisha akarudi Ndalat, akavaa sare yake, akaenda shule. Mwanzoni mwa mwaka 2022 waandishi wa habari walimkuta darasani, mwenye miaka 98, amevaa sweta yake ya kijani.

MZEE MARUGE WA ELDORET

Wasomaji wetu wa Eldoret watakumbuka kwamba Gogo hakuwa wa kwanza katika nchi hii. Mwezi wa Januari 2003 Serikali ilitangaza kwamba elimu ya msingi katika shule za umma haitatozwa karo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 2004, Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, mwenye miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, hapo Eldoret.  Mwaka 2005 alipelekwa New York kusema mbele ya mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya faida ya elimu ya bure. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimwondoa nyumbani na kumweka katika kambi ya wakimbizi, lakini hakutupa vitabu vyake. Alifariki tarehe 14 Agosti 2009.

Wawili hawa waliishi katika sehemu moja ya nchi, ingawa kila mmoja alikuwa na lake. Mzee Maruge alikwenda kuchukua haki aliyonyimwa utotoni. Gogo naye alinyimwa, lakini aliposimama kwenye mlango wa darasa alikuwa akitazama nyuma, aone ni nani anayemfuata.

MTU NA KUKU

Gogo alipowakuta watoto njiani saa za masomo, aliwasimamisha na kuwauliza kwa nini hawako shuleni. Wengine walimjibu kwamba wamekuwa wakubwa mno. Basi aliwaambia kwamba yeye yuko shuleni, kwa hiyo na wao yawapasa kuwako. Jibu lake halikuwa na kipingamizi. Nani atasema ni mkubwa mno mbele ya bibi wa miaka 90?

Aliwaonea huruma hasa wasichana waliozaa wakiwa wadogo. Alieleza kwamba alitaka kuwa mfano kwao, na kwa wasichana wa nchi nyingine wasio shuleni. Akasema kwamba pasipo elimu hakuna tofauti kati ya mtu na kuku.

Sisi wafugaji tunalielewa neno hilo vizuri. Kuku ana bidii. Huamka mapema, hufukua mchana kutwa, hulea vifaranga wake. Lakini hula kilicho mbele ya mdomo wake tu, wala hajui kama kesho ni siku ya kuatamia au ni siku ya kuchinjwa. Anayejua ni mwingine. Mtu asiyejua kusoma naye ana bidii, lakini habari zake ziko mikononi mwa mwingine.

Hebu tazameni mifano ya shambani. Ng'ombe wako akiugua kiwele, unampa dawa. Juu ya kibandiko cha dawa imeandikwa maziwa yasiuzwe kwa siku ngapi. Usipojua kusoma, utayapeleka kiwandani na kurudishiwa, au, vibaya zaidi, utawanywesha watoto wako. Mbolea ya kupandia si sawa na mbolea ya kukuzia, na majina yake yako juu ya gunia. Dawa ya kupe ina kipimo chake. Ikiwa hafifu kupe hawafi, na ikizidi ng'ombe hudhurika. Ukipima mahindi yako, gunia ni kilo 90, na anayeshika daftari ndiye anayejua ni magunia mangapi. Je, ni wewe?

MSICHANA ALIYEZAA AWEZA KURUDI SHULE

Turudi kwa kitukuu yule wa Gogo, kwa maana wako wengi walio kama yeye. Msichana akipata mimba, mara nyingi nyumba nzima hunyamaza. Baba hukasirika, mama hulia, na karo iliyotengwa hununuliwa mbegu au ndama. Inaonekana kama jambo limekwisha.

Halijaisha. Tangu mwaka 1994 Kenya imekuwa na mpango wa kumruhusu msichana aliyejifungua arudi kwenye masomo. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo unaoeleza jinsi ya kumrudisha shuleni mtoto aliyeacha masomo, akiwamo msichana aliyezaa. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamtaka kila mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake yuko shuleni. Kwa hiyo mzazi asiseme kwamba shule itamfukuza. Na aende kwa mwalimu mkuu aulize, na asiporidhika aende kwenye ofisi ya elimu iliyo karibu.

Lakini sheria haimbebi mtoto mchanga mgongoni wakati mama yake yuko darasani. Hapo ndipo nyanya anapohitajiwa. Msichana hawezi kurudi shule kama hakuna mtu wa kumwachia mtoto. Na asipoona mtu mmoja nyumbani aliye upande wake, hatarudi hata kama karo iko. Akina nyanya, kazi hii ni yenu. Si lazima kila mmoja avae sare kama Gogo. Kumlea kitukuu kwa miaka michache, na kumtia moyo mama yake badala ya kumsimanga, ni kazi iliyo sawa na ile ya ukunga, maana hapo mnamzaa msichana huyo mara ya pili.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwa kumkumbuka Gogo wa Ndalat, twawashauri wasomaji wetu mambo haya:

1. Mtoto asizuiwe kwenda shule kwa sababu ya kuvuna mahindi, kukama au kuchunga. Panga kazi zako zifanywe Jumamosi na siku za likizo.

2. Binti yako akipata mimba, usiiuze nafasi yake ya shule. Nenda kwa mwalimu mapema mkapatane siku ya kurudi.

3. Wewe mwenyewe kama hujui kusoma, uliza habari za madarasa ya kisomo cha watu wazima katika sehemu yako. Anza kwa kuandika jina lako na hesabu ya maziwa ya kila siku.

4. Wazee wenye ujuzi wa mbegu za asili, wa miti ya dawa au wa ufugaji, waketini na mtoto anayejua kuandika. Aandike yote katika daftari kabla ujuzi huo haujapotea.

5. Mama mja mzito aende kituo cha afya mapema, na mkunga wa kijiji amsindikize.

ALIACHA NINI?

Mtu mmoja anaweza kuuliza: Bibi huyu alipata faida gani? Hakumaliza hata darasa la sita. Alisema aliwahi kutamani kuwa daktari, kwa kuwa alikuwa mkunga, wala hakuwa daktari. Kitukuu aliyemwendea shule hakurudi alipoitwa.

Sisi twajibu hivi. Mkulima akipanda mti wa kivuli akiwa na miaka 90, hatarajii kukaa chini yake. Gogo aliingia shuleni akijua kwamba miaka yake ni michache. Kama angalitafuta faida yake mwenyewe, angalikaa nyumbani. Lakini watoto waliosoma naye hawatasema kamwe kwamba wamechelewa mno, maana walimwona kila siku, mwenye mvi na macho mabovu, akifungua daftari lake ukurasa mpya. Watakuwa wazazi, nao watawasimulia watoto wao.

Wiki ile ya Novemba 2022 mtihani ulipofika, kiti kimoja cha darasa la sita kilikuwa kitupu. Katika nyumba zetu pia viko viti vitupu, vya watoto waliopaswa kuwako shuleni. Kiti cha Gogo hakuna awezaye kukijaza tena. Vile vingine vyaweza kujazwa. Basi ewe mkulima, utakapomaliza kulisoma gazeti hili, hesabu watoto wa nyumba yako, na kama mmoja hayuko darasani, ondoka ukamtafute.